KUMLAKI BWANA



Kila mwaka Majilio yanapokaribia, mapadre wetu hutuhimiza tujiweke tayari kwa mambo mawili: kukumbuka kuja kwa Bwana wetu kule Bethlehemu, na kungoja kuja kwake mara ya pili. La kwanza tunalijua na kuliimba. La pili tunalikiri kila Jumapili, kisha tunarudi nyumbani kupika. Mwaka huu nimelazimika kulifikiri hilo la pili kwa sababu ya mtoto wa miaka tisa, nami naona si vibaya niwashirikishe.

Mjukuu wangu alikuja kwangu likizo kutoka mjini. Jioni moja nilitoka kumpelekea uji jirani yangu aliyekuwa mgonjwa. Nilimwacha mtoto amelala. Moto ulikuwa jikoni, kikombe cha chai mezani, na kanga yangu nimeitupia kwenye kiti. Ukungu ulikuwa umeshuka kama tunavyoujua hapa Lushoto, hata mti wa uani hauonekani. Niliporudi nilimkuta amesimama nje, miguu mitupu, akilia kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake. Akanishika nguo kwa mikono miwili. "Bibi," akasema, "nilidhani umenyakuliwa, mimi nimeachwa."

Nikamwingiza ndani na kumuuliza ameyapata wapi hayo. Akanieleza kwamba katika mkutano mmoja wa watoto waliambiwa kuwa Bwana atakuja ghafla na kwa siri. Waliookoka watatoweka, nguo zao zibaki kwenye viti, sufuria zibaki motoni, magari yakose madereva. Wengine wataachwa duniani wakabili dhiki. Alipoamka akaona kanga kwenye kiti na moto jikoni. Akaita mara tatu, asijibiwe. Tena alijua kwa nini ameachwa yeye: mchana ule alikuwa amechota sukari bila kuomba. Nikamuuliza ni sukari kiasi gani. Akasema, "Vijiko viwili."

Nimefundisha watoto kwa miaka 37 tangu nilipotoka chuo cha ualimu, na nimeona vilio vya kila namna. Mtoto anayelilia kalamu hunyamaza apatapo kalamu. Lakini huyu alikuwa akilia kwa sababu ameamini kuwa Mungu amemchukua bibi yake na kumwacha yeye gizani kwa ajili ya vijiko viwili vya sukari. Usiku ule sikulala vema. Nilijiuliza swali ambalo ndilo kiini cha makala hii: Je, ni haki kwa Mkristo kutamani kutwaliwa, huku akijua kwamba aliye karibu naye ataachwa?

IMANI ZINAZOTOFAUTIANA

Kabla ya kulijibu swali hilo yatupasa kuwa waadilifu kwa wenzetu, kwa maana si vema kumhukumu mtu kwa jambo asiloliamini. Katika Milima hii ya Usambara Wakristo ni wa namna nyingi. Wamisionari wa Kijerumani, ambao baadaye walijulikana kwa jina la Bethel, walifika Mlalo mwaka 1891, na kwa kazi yao Walutheri ni wengi huku kwetu. Sisi Waanglikana tulipokea Injili kwa njia ya UMCA, ambayo kituo chake kikubwa kilikuwa Magila, chini ya milima. Ng'ambo ya bonde la Mkomazi, katika Milima ya Upare, Waadventista Wasabato walianza kazi mwaka 1903. Wapo Wakatoliki, na siku hizi makanisa ya Kipentekoste yako karibu kila kijiji. Jirani zetu wengi ni Waislamu, nao pia hufundishwa kwamba Nabii Isa atarudi.

Wakristo wote hao wanakubaliana kwamba Bwana atarudi, kwamba wafu watafufuliwa, na kwamba patakuwa na hukumu. Wanachotofautiana ni ratiba.

Sisi, pamoja na Wakatoliki na Walutheri, tunafundishwa kwamba kurudi kwa Bwana ni tukio moja, lililo wazi, nalo litaleta ufufuo na hukumu. Ile miaka elfu inayotajwa katika Ufunuo sura ya 20 wengi wetu tunaielewa kama alivyoielewa Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, yaani kwamba ni picha ya wakati huu wa Kanisa. Hata hivyo Kanisa letu halikumfunga mtu sana katika jambo hili. Makala za Dini zilizotolewa Uingereza mwaka 1553 zilikuwa 42, na ya 41 iliwakemea waliotazamia utawala wa miaka elfu hapa duniani. Makala hizo zilipopitiwa upya mwaka 1563, ile ya 41 iliachwa, na haimo katika Makala 39 tulizorithi. Sisemi kwamba wazee wale waliyakubali mafundisho hayo. Nasema tu kwamba hawakuona vema kuyafanya kuwa mpaka wa kumtoa mtu.

Waadventista wana historia yao. Katika Marekani William Miller, mkulima aliyekuwa mhubiri wa Kibaptisti, alihesabu miaka ya kitabu cha Danieli, na wafuasi wake wakafikia kuingoja tarehe 22 Oktoba 1844. Siku hiyo ilipita, jua likachwa na kuchomoza kama kawaida. Wengi walivunjika moyo. Baadhi yao walirudi kwenye Maandiko, na kutokana na hao likatokea Kanisa la Waadventista Wasabato, lililoundwa rasmi mwaka 1863. Kanisa hilo lingali linaamini kwamba Bwana yu karibu, lakini halitaji tarehe, wala halifundishi kunyakuliwa kwa siri. Ndugu zetu wa Upare, huku wakimngoja Bwana, wamejenga shule na zahanati.

Mafundisho ya kutwaliwa kwa siri kabla ya dhiki kuu, yale aliyoyasikia mjukuu wangu, yalienezwa hasa na John Nelson Darby, aliyezaliwa London mwaka 1800. Huenda msomaji akashangaa kusikia kwamba alikuwa kasisi wa Kianglikana katika Kanisa la Ireland, kabla ya kutoka na kujiunga na wale walioitwa Ndugu wa Plymouth. Alifundisha kwamba kuja kwa Bwana kutakuwa na sehemu mbili: kwanza kuwachukua watu wake, kisha, baada ya dhiki, kuja kwa utukufu. Mwaka 1909 Mmarekani C. I. Scofield alitoa Biblia yenye maelezo pembeni yaliyofuata njia hiyo. Biblia hiyo ilisomwa sana katika vyuo vya Biblia vya Marekani, na kwa wahubiri na vitabu mafundisho hayo yakasafiri hata kwetu. Leo yanakuja kwa redio na kwa simu za mkononi.

MANENO MAWILI YA KISWAHILI

Wenye mafundisho hayo hutegemea sana waraka wa kwanza kwa Wathesalonike, sura ya 4, kuanzia mstari wa 13. Tuusome nasi kwa makini, kwa kuwa hawakuubuni, umo katika Biblia zetu. Mtume Paulo aliandika ili kuwafariji watu waliofiwa. Walihofu kwamba ndugu zao waliokwisha kufa watakosa kuwapo Bwana atakaporudi. Paulo akawaambia kwamba waliokufa katika Kristo watatangulia kufufuka, kisha walio hai watachukuliwa pamoja nao ili wakutane na Bwana. Maana yake ni kwamba hofu ya Wathesalonike ilikuwa hofu ileile ya mjukuu wangu: kwamba mtu fulani ataachwa. Na jibu la Mtume lilikuwa kwamba hawataachwa. Ajabu ni kwamba maneno yaliyoandikwa kuondoa hofu hiyo sasa yanatumika kuitia.

Katika Biblia yetu ya Kiswahili mna maneno mawili hapo ambayo yatufaa. La kwanza ni kunyakuliwa. Kila aliyefuga kuku anajua kunyakua ni nini. Mwewe hunyakua kifaranga. Ni neno la nguvu na la ghafla, na ndilo linalotajwa zaidi katika mahubiri. La pili linafuata palepale, lakini wengi hulipita: ni kulaki. Tunanyakuliwa ili tumlaki Bwana.

Basi kulaki ni nini? Askofu anapokuja kutoa Kipaimara hatumngojei ndani ya kanisa. Tunashuka barabarani, wazee kwa vijana, akina mama na matawi yao, watoto wakikimbia mbele. Tunakutana naye njiani. Je, tukiisha kukutana naye hupanda gari lake tukaondoka, tukakiacha kijiji? La. Tunarudi pamoja naye, tukiimba, mpaka mahali alipokuwa anakuja. Huko ndiko kulaki. Neno la Kiyunani alilotumia Mtume ndilo lililotumika katika Mathayo 25:6, wanawali wanapoambiwa watoke kumlaki bwana arusi, nao waliokuwa tayari wanaingia arusini pamoja naye. Ndilo tena katika Matendo 28:15, ndugu wa Rumi walipotoka njiani kumlaki Paulo, kisha wakaingia naye mjini.

Nikisoma hivyo naona kwamba Bwana anakuja huku, nasi tunatoka kumpokea. Ufunuo 21 inakubaliana na hayo: ule mji mtakatifu Yohana aliuona ukishuka kutoka mbinguni, na maskani ya Mungu ikawa pamoja na wanadamu. Wazee wa Kishambaa walikuwa na maneno mawili ya kumpima mtawala: yupo aiponyaye nchi, na yupo aiharibuye. Kwa mtawala mwema mvua hunyesha kwa wakati, watu hula. Sisi tunamngoja Mfalme aiponyaye nchi, wala hatungoji kuokolewa kutoka nchi iliyotupwa.

Ndugu mmoja ataniuliza, "Na wale wawili walioko shambani, ambao mmoja anatwaliwa na mwingine anaachwa?" Ni swali zuri. Maneno hayo yako katika Mathayo 24:40. Lakini tusome na mistari iliyotangulia. Bwana anazungumzia siku za Nuhu, na wale waliochukuliwa na gharika walikuwa ni wale wasiojali. Nuhu ndiye aliyeachwa. Sisemi kwamba hoja hii inamaliza mabishano, maana wataalamu waliosoma kuliko mimi wamegawanyika. Lakini inatosha kutufundisha kwamba tusimwambie mtoto kwa ukali jambo ambalo Maandiko yenyewe yameliacha katika fumbo.

TUMAINI LILILOHARIBIKA

Naandika haya kwa uzito kwa sababu nchi jirani zetu zimekwisha kuona tumaini hili linavyoweza kugeuzwa kuwa kaburi.

Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, mamia ya wafuasi wa kundi la Kurejesha Amri Kumi za Mungu, lililoongozwa na Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, waliteketea ndani ya jengo lao la ibada. Siku zilizofuata miili mingine mingi ilifukuliwa katika nyumba za kundi hilo mahali pengine. Viongozi walikuwa wametabiri kwamba dunia ingekwisha mwaka 1999 utakapomalizika, na wafuasi walikuwa wamekabidhi mali zao. Mwaka 2000 ulipoingia salama, watu wakaanza kuuliza maswali. Kisha ukaja moto.

Mwezi wa Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, polisi walianza kufukua makaburi. Hatimaye miili zaidi ya 400 ilipatikana, mingi ikiwa ya watoto. Kwa mujibu wa mashtaka, watu hao walihimizwa wafunge kula hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mhubiri wao, Paul Mackenzie, alifikishwa mahakamani pamoja na wengine, na alikana mashtaka. Shakahola si mbali nasi. Ni pwani hiihii ya Kiswahili, na waliokufa huko waliomba kwa lugha hii ninayoandikia.

Nisieleweke vibaya. Idadi kubwa ya Wakristo wanaongojea kunyakuliwa ni watu wema, wanaolima, wanaosomesha, na wanaochukia mambo hayo kama tunavyoyachukia. Kuwaweka pamoja na Kanungu ni kuwaonea. Lakini yafaa tutazame hatua ambazo kwazo tumaini huharibika, maana hatua hizo zaweza kuingia katika kanisa lolote, hata letu. Ya kwanza, kiongozi huichukua siku ambayo Bwana amesema hakuna aijuaye, naye akajifanya mwenye ufunguo. Ya pili, watu hutengwa na jirani na ndugu zao, kwa kuwa hao ni "wa kuachwa" na neno lao halina thamani. Ya tatu, mambo ya dunia hii huonekana hayana faida tena: shamba, shule, dawa, hatimaye na chakula. Na siku zote watoto ndio wa kwanza kuumia, kwa kuwa hawakuulizwa.

KISA CHA DARASANI

Nitasema na kosa langu. Mwaka 1999 nilikuwa nikifundisha hesabu darasa la sita. Mwaka huo maneno yalikuwa mengi kwamba mwaka 2000 hautafika, na mvua kubwa za El Niño za 1997 na 1998, zilizokata barabara na kubomoa matuta, zilikuwa bado katika fikra za watu. Kijana mmoja akanyosha mkono. "Mwalimu," akauliza, "kuna faida gani kujifunza sehemu na desimali, kama mwakani dunia inakwisha?" Darasa zima likanyamaza. Hawakucheka. Nilimwambia akae chini, ashike kalamu.

Hilo halikuwa jibu. Yule kijana alikuwa ameuliza swali ambalo Wathesalonike waliliuliza kwa vitendo, pale baadhi yao walipoacha kazi, hata Mtume akawaandikia kwamba asiyetaka kufanya kazi na asile chakula. Ningekuwa nimejiandaa ningemwambia habari za Yeremia. Katika sura ya 32 Yerusalemu umezingirwa na jeshi la Babeli, mji unakaribia kuanguka, na nabii mwenyewe amefungwa. Naye ndiye aliyetabiri anguko hilo, kwa hiyo hakuwa na shaka nalo. Hapo ndipo Bwana anapomwagiza anunue shamba kule Anathothi. Akapima fedha, akaandika hati mbele ya mashahidi, akaitia katika chombo cha udongo ili idumu. Mtu aliyejua kwamba mwisho umefika alinunua shamba, kwa kuwa alijua pia kwamba Mungu hajaitupa nchi.

Hilo ndilo jibu la sehemu na desimali. Mkulima wa Usambara anayejenga matuta ya kuzuia udongo usiteremke anafanya kazi ambayo faida yake huenda wakaila wajukuu. Apandaye mpea hali matunda mwaka huohuo. Kama Bwana atakuja kesho, atamkuta akiitunza nchi yake Bwana. Kama atakawia, udongo utakuwapo. Kwa njia zote mbili mtu huyo hajapoteza kitu. Lakini aliyeacha shamba likamomonyoka kwa sababu anaondoka, Bwana akikawia amewaibia watoto wake, na Bwana akija atakuwa na la kujibu.

MANENO YA MDOGO WANGU

Ninaye mdogo wangu wa kiume, fundi seremala. Aliacha kanisa letu miaka mingi iliyopita akajiunga na kanisa la kiroho, na anaamini kunyakuliwa kwa moyo wake wote. Alikuja kunisalimu siku ya pili yake, nami, kwa hasira ya kukosa usingizi, nikamweleza yaliyompata mtoto, kana kwamba kosa ni lake.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Dada, mimi sikumtisha. Aliyemtisha alikosea. Lakini nawe niambie: ninyi mnakiri kila Jumapili kwamba atakuja. Mbona sijaona hata mmoja wenu anayechungulia njiani?"

Sikuwa na jibu, na hata leo sina jibu kamili. Ni kweli kwamba wengi wetu tumeitupilia mbali habari ya kurudi kwa Bwana kwa kuogopa kufanana na wenye kelele. Tunaishi kana kwamba mambo yataendelea hivihivi siku zote: mwenye kudhulumu ataendelea kudhulumu, na machozi ya mjane hayana wa kuyafuta. Nayo ni imani mbaya. Mdogo wangu huyu, anayemngoja Bwana usiku na mchana, hatozi fedha kwa jeneza la mtoto. Nikimuuliza kwa nini, husema kwamba Bwana anaweza kumkuta akihesabu fedha hizo. Mimi ninayeijua maana ya kulaki sijui kama nimefanya lolote linalofanana na hilo.

Basi si ratiba inayomfanya mtu kuwa mwema. Katika Mathayo 25 Mfalme anapokaa katika kiti cha utukufu hawaulizi watu waliamini atakuja kabla ya dhiki au baada yake. Anauliza habari za mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, aliye uchi, mgonjwa, na mfungwa. Hukumu ipo, wala sitaki kuilainisha. Lakini mtihani wake tumekwisha kuonyeshwa, na mwalimu yeyote atawaambia kwamba mwanafunzi aliyeonyeshwa mtihani mapema hana cha kusingizia.

JIBU LA SWALI

Sasa nilirudie swali langu. Je, ni haki kutamani kutwaliwa huku mwenzako akiachwa? Maandiko yana watu wawili walioulizwa jambo hilo kwa uzito kuliko sisi. Wa kwanza ni Musa. Israeli walipotengeneza ndama, Mungu alimwambia kwamba atawaangamiza na kumfanya yeye Musa kuwa taifa kubwa. Ingekuwa ni kutwaliwa kwake peke yake. Musa akakataa. Akamwomba Mungu awasamehe, na kama sivyo, amfute na yeye katika kitabu chake (Kutoka 32:32). Wa pili ni Paulo, ambaye katika Warumi 9:3 anasema angekuwa radhi kutengwa na Kristo kwa ajili ya ndugu zake. Huyo ni Paulo yuleyule aliyeandika habari za kunyakuliwa mawinguni.

Kwa hiyo najibu hivi. Kutamani kuwa na Bwana ni haki, tena ni wajibu. Lakini tumaini linaloona utamu wake katika kuachwa kwa mwingine ni ubinafsi uliovaa kanzu. Anayempenda Bwana kweli hujifunza kupenda anavyopenda Bwana, na Bwana wetu ndiye mchungaji aliyewaacha tisini na tisa akamfuata mmoja.

Hayo nimeyapata baada ya vitabu vingi. Mdogo wangu aliyapata upesi zaidi. Siku ile, kabla hajaondoka, alimwita mjukuu wetu akamketisha kwenye benchi. Nilikuwa jikoni, nikamsikia. "Babu," mtoto akauliza, "ni kweli wewe utanyakuliwa?" Akamjibu, "Natumaini hivyo." Mtoto akasema, "Na mimi je?" Mdogo wangu akakaa kimya kidogo, kisha akamwambia, "Nikifika huko nisikuone, nitamwomba Bwana ruhusa nirudi kukufuata." Mtoto akatosheka. Nami nilisimama na mwiko mkononi, nikajua kwamba mimi na mdogo wangu, pamoja na tofauti zetu zote, tunamngoja Bwana mmoja.

Wazazi na walimu wenzangu, naomba tushike mambo matatu. Tusiwanyime watoto wetu habari ya kurudi kwa Bwana, kwa maana ni habari njema. Tusiwape kwanza hofu na kisha Bwana, bali tuwape Bwana kwanza, naye atawafundisha kicho kilicho cha haki. Na mtu yeyote akija na tarehe, au akikuambia umtoe mtoto shuleni, umnyime dawa au chakula kwa ajili ya mbinguni, usingoje mkutano wa pili. Mwambie padre, mwambie mwenyekiti wa kijiji, umtunze mtoto.

Kwa upande wangu, tangu siku ile sitoki nyumbani bila kumwambia mjukuu wangu ninakokwenda na saa nitakayorudi. Ni jambo dogo, lakini nimejifunza kwa Bwana mwenyewe. Katika Yohana 14 hakuondoka kimya akawaacha wanafunzi wake waite katika nyumba tupu. Aliwaambia anakokwenda, kwamba anakwenda kuwaandalia mahali, na kwamba atarudi awachukue wakae naye. Saa hakuwaambia. Lakini ahadi aliwaachia, nayo yatosha kwa mtoto wa miaka tisa, na kwa bibi yake pia.

Bwana atujalie Majilio mema. Na atakapokuja atukute njiani, tumeshikana mikono. Amina.